Nimealikwa kumpokea marehemu: je, niende Obon?

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni binti wa Kitanzania, mzaliwa wa Tanga, na sasa ninasoma shahada ya uzamili mjini Kyoto. Nimepanga chumba kwa mama mmoja aliye rika la bibi yangu. Mumewe alifariki Novemba iliyopita. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kupanda basi na kusoma bili ya maji. Sasa mama ameniomba niwe naye katika Obon, siku za Wajapani za kuwakumbuka wafu wao, kuanzia tarehe 13 hadi 16 Agosti. Anasema atampokea mumewe nyumbani, tutakwenda makaburini, mtawa atakuja kusoma, kisha tutamsindikiza marehemu kwa moto wa mlimani. Ameniazima pia yukata, vazi jepesi la Kijapani, nikacheze ngoma ya mtaa. Mwenzangu mmoja ameniambia hiyo ni sherehe ya mizimu, na Mwislamu akihudhuria ameshiriki ushirikina. Mwingine, Mjapani, amecheka na kusema si dini, ni desturi tu. Wa tatu amenionya kwamba nikivaa yukata vibaya nitafanana na maiti. Nikikataa nitamvunja moyo, maana tangu msiba hali chakula vizuri. Je, niende? Nikienda, nifanye nini na niache nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Umeuliza kama mtu mwenye swali moja, lakini ndani yake mna hofu tatu ambazo ni vyema tuzitenganishe tangu mwanzo: unaogopa kuikosea imani yako, unaogopa kumkosea mama aliyekupa hifadhi, na unaogopa kuaibika mbele za watu kwa kutojua taratibu. Hofu ya tatu inatibika kwa dakika kumi za maelezo. Ya pili itategemea zaidi namna utakavyosema kuliko utakaloamua. Ya kwanza ndiyo nzito, nami nakiri mapema kwamba mimi ni mwalimu wa historia ya dini za Japani niliyeishi Kyoto miaka kadhaa, si shekhe; kazi yangu ni kukueleza kwa usahihi kinachofanyika, ili utakayemwomba hukumu ahukumu jambo lenyewe na si uvumi wake. Ukitaka jibu fupi, ni hili: nenda, lakini usiichukue Obon kama kitu kimoja cha kukubali chote au kukataa chote. Ni mkusanyiko wa matendo mengi, na kila tendo lina uzito wake.

Nianze na neno lililokutia hofu. Katika Kiswahili, mzimu huja na kiza chake: pango, mbuyu, kafara, wahenga waliosahauliwa wanaodai chao. Ukilibandika neno hilo juu ya Obon, picha inapotoka. Wafu wa Obon ni wageni. Nyumba husafishwa kwa ajili yao, taa huwashwa wasipotee njia, chakula walichokipenda huandaliwa, na siku ya nne husindikizwa kama tunavyomsindikiza mgeni hadi barabarani. Hakuna damu inayomwagwa wala mtu anayeombewa mabaya. Hata wafu wasio na jamaa wa kuwakumbuka hutengewa chakula chao pembeni katika nyumba nyingi, wasije wakapita mlangoni na njaa. Hata hivyo, mwenzako hakukosea kabisa, na nisingependa kukuficha: msingi wa siku hizi ni imani kwamba marehemu hurejea, na baadhi ya matendo yake ni ibada na sadaka kwa maana kamili ya maneno hayo.

Jina kamili la kale ni Urabon-e, na mapokeo ya Kibudha huliambatanisha na kisa cha Mokuren, mwanafunzi wa Budha aliyejaliwa kuona yaliyofichika. Alimtafuta mama yake marehemu, akamkuta katika ulimwengu wa wenye njaa wasioshiba. Alipompelekea chakula, kiligeuka moto kabla ya kufika kinywani. Akamwendea Budha akilia. Budha hakumpa uganga wowote. Alimwambia awakirimu watawa siku wanapotoka katika itikafu yao ya msimu wa mvua, kama naweza kuliazima neno hilo, yaani tarehe 15 ya mwezi wa saba, na thawabu ya ukarimu huo ndiyo itakayomfungua mama. Itazame mantiki yake: aliye hai hutoa, na kheri humfikia aliyekufa. Mtu wa Tanga aliyekulia katika khitma na sadaka za kuwarehemu maiti hataona ugeni mkubwa katika umbo la fikra hiyo, ingawa kinachoaminiwa ndani yake ni kingine kabisa.

Wataalamu wengi wanaona kwamba andiko lenye kisa hicho lilitungwa China, na kutoka huko desturi ikavuka bahari. Historia kongwe ya Japani, Nihon Shoki, inataja karamu za mahekaluni za tarehe 15 ya mwezi wa saba tangu mwaka 606, na inaitaja Urabon-e kwa jina mwaka 657. Huko ilikutana na imani ya wenyeji kuhusu wahenga wanaorudi nyumbani, na vitu hivyo viwili vikasukwa pamoja kwa karne nyingi hata leo ni vigumu kumwonyesha mtu uzi upi ni wa nani.

Tarehe ile ilikuwa ya kalenda ya mwezi mwandamo. Japani ilipohamia kalenda ya jua mwaka 1873, sherehe iligawanyika: sehemu kubwa ya Tokyo huifanya katikati ya Julai, Okinawa hufuata mwezi mpaka leo, na sehemu kubwa ya nchi, Kyoto ikiwemo, iliisogeza hadi katikati ya Agosti. Si sikukuu ya taifa kisheria, lakini ofisi nyingi hufungwa na treni hujaa watu wanaorudi makwao, kwa hiyo kama una safari au karatasi za kushughulikia chuoni, zimalize kabla.

Sasa nije Kyoto, kwa sababu mengi unayoyaona mtandaoni si ya Kyoto. Zile picha za tango na bilinganya zilizotiwa miguu ya vijiti, tango likiwa farasi wa kumleta marehemu haraka na bilinganya likiwa ng'ombe wa kumrudisha polepole, ni desturi inayoonekana zaidi upande wa mashariki mwa nchi. Na ule moto mdogo wa mlangoni, wa kumpokea na kumsindikiza marehemu, huwashwa kwa mabua makavu ya mmea wa nyuzi ulio wa jamii moja na bangi. Ukiyaona yamefungwa dukani usishtuke, hayana kilevi. Watu wa Kyoto huwaita wafu wao Oshorai-san, jina lenye heshima na mapenzi ndani yake, na wengi huanza mapema zaidi. Kati ya tarehe 7 na 10 Agosti huenda katika hekalu la Rokudo Chinnoji, mahali ambapo mji wa zamani ulipakana na eneo la maziko la Toribeno. Hapo hununua tawi la msonobari uitwao koyamaki, ambao marehemu husemwa huupanda kama chombo cha safari, huandikisha jina la marehemu juu ya kipande chembamba cha mbao, kisha hupanga foleni kuifikia kengele iliyofichwa ndani ya kibanda. Kengele hiyo haigongwi kwa kusukuma gogo kama kengele nyingine za mahekalu. Huvutwa kwa kamba inayotoka tunduni, kwa kuwa wafu wanaitwa waje. Foleni huwa ndefu na jua ni kali. Huenda mama akakuomba umsindikize huko pia, na ndiyo sababu nakushauri uzungumze naye kabla ya tarehe 7, si asubuhi ya tarehe 13.

Jambo jingine ambalo pengine hukuambiwa: Obon ya mwaka huu kwa mama huyo si ya kawaida. Ya kwanza baada ya siku 49 za maombolezo kupita huitwa hatsubon, na huadhimishwa kwa uzito zaidi kuliko zote zitakazofuata. Katika nyumba nyingi hutundikwa taa ya karatasi nyeupe isiyo na ua wala nembo, ambayo hutumika mwaka huo mmoja tu. Jamaa huja, mtawa huja, na mjane hukaa mbele ya kabati dogo la ibada la Kibudha, butsudan, lililo na kibao chenye jina alilopewa mumewe baada ya kufa. Kama watoto wake wako mbali, au hakujaliwa watoto, basi wewe uliyeishi chini ya paa lile na kumjua mzee ni miongoni mwa watu wachache wanaoweza kukaa naye wakasema, "Aliwahi kuniambia hivi." Nadhani hilo ndilo analokuomba. Sidhani anatafuta mfuasi wa Ubudha.

Je, rafiki yako wa Kijapani amesema kweli aliposema si dini? Amesema kweli kwa lugha yake. Neno shukyo, linalotafsiriwa "dini", lilipata matumizi yake ya sasa katika enzi ya Meiji (1868–1912), Wajapani walipohitaji neno la kujadiliana na mataifa ya Magharibi, na masikioni mwa wengi lina maana ya kujiunga na kundi, kukiri itikadi na kuhudhuria ibada kila wiki. Kwa kipimo hicho, kufukiza udi mbele ya picha ya baba si shukyo. Kwa kipimo chako, ambacho huuliza nani anaelekewa na kwa nia gani, jibu ni tofauti. Tena lugha yenyewe inateleza: neno hotoke humaanisha Budha, na neno hilo hilo humaanisha marehemu wa nyumbani, kitenzi ogamu hutumika kwa kuunganisha viganja mbele ya wote wawili. Ukimuuliza mama, "Unamwabudu mumeo?" huenda akakushangaa. Ukimuuliza, "Unazungumza naye?" atakubali mara moja. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hakuna dini hapa, wala asikutishe mtu kwamba kila aliyesimama hapo ameabudu.

Isitoshe, Wabudha wenyewe hawakubaliani. Dhehebu la Jodo Shinshu, ambalo mahekalu yake makuu mawili, Nishi Honganji na Higashi Honganji, yako mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Kyoto, hufundisha kwamba aliyekufa amekwisha kuzaliwa katika Nchi Safi ya Budha Amida na hana haja ya kuitwa wala kuongozwa njia. Kwa mafundisho yao hakuna moto wa kupokea wala wa kusindikiza. Siku hizi huitwa Kangi-e, mkutano wa furaha, na ni za kushukuru tu. Kwa maneno ya mama kuhusu kupokea na kusindikiza, nahisi familia yake ni ya dhehebu jingine, ingawa nyumbani watu huchanganya. Muulize, swali hilo halina utovu wa adabu, na jibu lake litakusaidia katika mambo mengi, hata katika maandishi ya bahasha ya rambirambi.

Tuyapitie basi matendo yenyewe. Makaburini, kazi kubwa ni usafi: kung'oa magugu, kutupa maua yaliyokauka, kuchota maji kwa ndoo na upawa wa mbao, kulimwagia jiwe na kulisugua kwa kitambaa. Chini ya jiwe hilo hamna mwili. Mna majivu, mara nyingi ya vizazi kadhaa, ndiyo maana jina lililochongwa huwa la ukoo. Kusafisha kaburi na kukumbuka mauti si mambo mageni kwako, na katika sehemu hii sioni kizuizi ila ambacho mwanachuoni wako atakuonyesha. Baada ya usafi huwashwa udi wa vijiti, huwekwa maua na pengine kitu cha kula, kisha kila mmoja huinama akiwa ameunganisha viganja. Hapo ndipo pa kuamua. Unaweza kusimama hatua moja nyuma, mikono ikiwa mbele yako, ukainamisha kichwa kidogo na kunyamaza. Hakuna atakayekuona mkorofi. Wapo Wajapani wengi wa Kiprotestanti ambao kwa miaka yote wamefanya hivyo katika misiba ya jamaa zao, hutoa ua badala ya udi, na familia zimezoea. Wakatoliki wamechukua njia nyingine: maaskofu wao wa Japani walitoa mwongozo mwaka 1985 unaowapa waumini nafasi pana ya kushiriki desturi za kuwakumbuka wahenga. Nakutajia haya si kwa sababu ni hoja katika fikihi, bali uone kwamba si wewe wa kwanza kusimama katika kizingiti hiki.

Ukikabidhiwa kijiti cha udi kinachowaka mwali na ukaamua kukishika, walau kumsaidia mama mkono unapomtetemeka, usikipulize kwa mdomo. Punga kiganja hadi mwali uzime. Mimi katika mwaka wangu wa kwanza nilikipuliza kama mshumaa wa keki mbele ya kaburi la baba wa rafiki yangu. Kimya kilichofuata nakisikia hadi leo. Pumzi ya kinywa huhesabiwa kuwa chafu kwa kazi hiyo. Chakula kilichowekwa, mkumbushe akichukue mnapoondoka, maana kunguru wa Kyoto hawana heshima kwa wafu.

Mtawa atakapokuja nyumbani, mambo hupita haraka kuliko unavyodhani. Agosti ni mwezi wa pilikapilika kwao: utawaona na kanzu zao juu ya pikipiki ndogo, wakitoka nyumba hii kwenda ile kutwa nzima. Atasoma mbele ya butsudan kwa muda mfupi, atakunywa chai, ataondoka. Hii ndiyo sehemu yenye ibada ya wazi kabisa, na kama una shaka, ndiyo ya kwanza ninayoweza kukushauri uiache. Unaweza kujitolea kukaa jikoni kuandaa chai baridi, kazi yenye heshima na inayohitajika kweli. Ukiamua kukaa chumbani, kaa nyuma. Ikitokea chetezo kikapitishwa mkono kwa mkono, kipokee, inama kidogo, mpitishie anayefuata.

Kuna maneno ambayo ningependa umwambie mama kwa utulivu siku chache kabla, mkiwa wawili: "Te o awaseru koto wa dekimasen ga, soba ni isasete kudasai." Maana yake: siwezi kuunganisha viganja, lakini naomba uniruhusu niwe karibu nawe. Mjapani wa umri wake huumizwa zaidi na jambo la kushtukiza mbele ya wageni kuliko na kukataliwa kunakosemwa mapema kwa upole. Ukinyamaza mpaka siku yenyewe kisha ukajitenga bila maelezo, atadhani amekukosea. Ukimwambia mapema, atapanga mahali pako pa kukaa, na pengine atajisikia nafuu kwa kuwa naye alikuwa akijiuliza asikulazimishe.

Ngoma ya mtaa, yaani bon odori, ni habari nyingine. Mizizi yake iko katika kucheza huku wakitaja jina la Budha Amida, utaratibu ulioenezwa sana na mtawa msafiri Ippen, aliyeishi kati ya mwaka 1239 na 1289; watu pia hupenda kusimulia kwamba Mokuren alicheza kwa furaha alipomwona mama yake amefunguliwa. Katika mji wa Nishimonai, mkoani Akita, baadhi ya wachezaji hufunika nyuso kabisa kwa kitambaa cheusi, na ukiwatazama usiku unaelewa kwa nini watu husema wafu wanacheza pamoja na walio hai. Kule Gujo, mkoani Gifu, hucheza hadi alfajiri usiku nne mfululizo, kuanzia tarehe 13 hadi 16. Ngoma hizo mbili zimo katika kundi la ngoma 41 za Japani ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wake mwaka 2022. Lakini ngoma ya uwanja wa shule mtaani kwako, kwa kadiri nilivyoziona, ni jukwaa la mbao lenye mpigaji taiko, ngoma kubwa ya Kijapani, juu yake, watu wa rika zote wakizunguka duara, wauzaji wa barafu ya kusaga, na spika inayokoroma. Nyimbo utakazozisikia pande hizo ni kama Goshu Ondo na Kawachi Ondo. Utasikia pia Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa wa Kyushu, ambao mikono yake yote ni ya kazi: unachimba, unatupa mzigo begani, unakinga macho kuutazama mwezi, unasukuma toroli. Hapo hapana wa kuinamiwa wala kuombwa. Huhitaji mwaliko wala mazoezi. Ingia duara la nje, mfuate mama mmoja mwenye umri, kwa kuwa wao ndio wanaojua, na mzunguko wa tatu miguu itakuwa imeshika.

Kuhusu yukata, aliyekuonya alisema kweli. Pindo la kushoto lazima liwe juu ya la kulia, kwa wanawake na wanaume sawasawa. Maiti ndiye huvikwa kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba anayekutazama kwa mbele aone shingoni umbo la herufi y ndogo. Ushungi unakaa vizuri juu ya yukata, na nguo nyepesi ya mikono mirefu ndani yake haimkwazi mtu. Lakini yukata ni vazi la ngoma na matembezi ya jioni. Siku ya mtawa na makaburi, kwa kuwa ni hatsubon, vaa nguo za heshima za rangi nyeusi au ya giza, na chukua soksi, maana utavua viatu na si adabu kukanyaga mikeka ya watu miguu mitupu.

Ukitaka kwenda na kitu mkononi, bahasha ya rambirambi yenye yeni 3,000 hadi 5,000 inatosha kwa mwanafunzi. Katika eneo la Kansai, lenye Kyoto ndani yake, nyuzi za kufungia bahasha hiyo kwa kawaida huwa za njano na nyeupe. Mwambie muuzaji kwamba ni ya hatsubon na utaje dhehebu, atakuchagulia yenye maandishi yanayofaa. Kama unaona bahasha inayowekwa mbele ya butsudan inakukaribia na sadaka kuliko unavyopenda, mpelekee mama mwenyewe boksi la mizu-yokan, kitamu laini cha maharage kinachogandishwa kwa mwani na si kwa jelatini ya mnyama. Chakula cha siku hizo kikipikwa kwa utaratibu wa mahekalu hakina nyama wala samaki, jambo linalokurahisishia, ila uliza kuhusu mirin, pombe tamu ya kupikia, na pombe ya mpunga, ambazo hutiwa katika michuzi bila mtu kuzihesabu kuwa kinywaji.

Tarehe 16 asubuhi, baadhi ya nyumba za Kyoto huchemsha mwani uitwao arame na kumwaga maji yake mlangoni ili Oshorai-san wasichelewe kuondoka. Ni kama kumkumbusha mgeni mpendwa kwamba gari lake limefika. Usiku huja moto wenyewe, Gozan no Okuribi, kwenye milima mitano inayouzunguka mji. Saa mbili kamili usiku huwashwa herufi ya Kijapani yenye maana ya "kubwa" kwenye mlima wa mashariki, mioto 75 katika mistari mitatu, mmoja wao ukiwa na urefu wa mita 160. Kisha kila baada ya dakika tano mlima mwingine, hadi umbo la torii, lango la mahekalu ya Shinto, upande wa magharibi saa mbili na dakika ishirini. Wakati wa vita moto wa usiku ulikatazwa, na mwaka 1943 wenyeji na watoto wa shule walipanda mlimani wakiwa na mashati meupe wakaichora herufi ile kwa miili yao. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, iliwashwa mioto michache tu, na bado watu walitoka barazani kutazama. Kutazama moto huu ni kutazama. Mji mzima husimama kandokando ya mto Kamo, wenye dini na wasio nayo. Kitu kimoja tu ujue: mchana wake huuzwa vijiti vya mbao vya kuandikwa majina ya wafu au maradhi ya walio hai, ambavyo huunguzwa katika moto ule. Hicho ni ombi, na unaweza kumshikia mama kalamu bila kuandika cha kwako.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapofika kikomo. Mipaka ya kuhudhuria, na hasa suala la dua kwa mzee ambaye hakuwa Mwislamu, mpelekee mtu mwenye elimu, uso kwa uso, ukimweleza tendo kwa tendo kama nilivyokueleza. Kyoto ina msikiti, na Kobe, mwendo wa chini kidogo ya saa moja kwa treni ya kawaida ya haraka, una msikiti uliofunguliwa mwaka 1935 ambao maimamu wake wamezoea maswali ya watu waishio kati ya Wajapani. Usimuulize kwa ujumla, "Obon inafaa?" Muulize kuhusu kaburi, kuhusu udi, kuhusu mtawa, kuhusu duara la ngoma.

Na kuhusu mama kutokula, hilo usilisubirishe hadi sherehe iishe. Siku hizi nne zitamjazia nyumba watu, kisha tarehe 17 itakuwa kimya, na joto la bonde la Kyoto hupita nyuzi 35. Mzee asiyekula wala kunywa huweza kuzidiwa ndani ya nyumba, bila hata kutoka juani. Akianza kuongea ovyo, ngozi ikawa ya moto, au akashindwa kunywa maji mwenyewe, piga 119 bila kumwomba ruhusa. Kabla ya kufika huko, mfuate daktari wake wa karibu, au nenda katika kituo cha msaada kwa wazee cha mtaa wenu, chiiki hokatsu shien senta. Huduma hiyo ipo katika kila manispaa, na si lazima uwe ndugu yake ili uende kueleza wasiwasi wako.

Usiku wa moto, mwache yeye achague mahali pa kusimama. Huenda ni pale alipokuwa akisimama na mzee. Baadhi ya watu huinua kikombe cha sake, ile pombe ya mpunga, wakanasa ndani yake taswira ya herufi ile inayowaka, kisha wakakinywa ili wasiugue mwaka mzima. Akikupa kikombe, mwambie utamshikia. Chupa yako ya chai ya shayiri iwe imepoa vizuri na iwe ya watu wawili, kwa sababu moto huwaka kama nusu saa, na kurudi nyumbani katikati ya umati ule kutawachukua zaidi ya hapo.